SHURA KATIKA KUENDESHA CHUO NA KUPANGA ARDHI YAKE
Mazingatio kwa Waislamu wa Masasi na Newala

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baad. Katika pwani yetu neno "chuo" ni la zamani kuliko shule. Mtoto alipoambiwa aende chuoni, alikwenda barazani kwa mwalimu, akaketi juu ya mkeka na kuanza alifu. Uislamu ulipopanda kutoka Lindi na Mikindani kwenda bara, hasa baada ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ulibebwa na walimu wa namna hiyo pamoja na tarika za Qadiriyya na Shadhiliyya. Allah awalipe kheri. Lakini chuo cha baraza kilikuwa na udhaifu mmoja: baraza ni ya mwalimu. Alipofariki, warithi waligawana nyumba na chuo kikaisha.

Leo Waislamu wa Masasi na Newala, kama ndugu zao wa mikoa mingine, wanataka chuo kinachobaki baada ya mwalimu: madarasa, bweni, msikiti, karakana ya ufundi, shamba. Hapo huzuka maswali mawili. La kwanza, nani mwenye kauli: mfadhili, sheikh, kamati au wanakijiji? La pili, nini kijengwe wapi? Wengi huyaona kuwa ni maswali mbalimbali, la kwanza wakawaachia wazee na la pili wakamwachia fundi. Makala hii inakusudia kuonesha kwamba ni swali moja, na kwamba jibu lake liandikwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

TULIYOYASHUHUDIA

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kusuluhisha ugomvi katika kituo kimoja cha Kiislamu huko uwandani, ambacho hatutakitaja jina. Mzee mmoja mcha Mungu alitoa eneo kwa kauli ya mdomo mbele ya jamaa baada ya sala ya Ijumaa. Mfadhili akapatikana, madarasa matatu yakasimama, likachimbwa na tangi la maji ya mvua. Hakuna aliyeandika kitu. Miaka michache baadaye mzee akafariki, na wapwa zake wakaja wakisema ardhi ile ni ya ukoo wa upande wa mama, mjomba alikuwa msimamizi tu, na mikorosho iliyomo ilipandwa na mama zao.

Tulipozunguka eneo lile tukaona jambo la pili. Vyoo vilichimbwa upande wa juu na tangi likawekwa upande wa chini, hatua chache tu kati yake. Mama mmoja akatuambia, "Masheikh wangu, sisi tunaoteka maji tulilijua hili siku ile ile fundi alipopima. Lakini hatukuulizwa." Tukatambua kwamba ugomvi wa ardhi na ubaya wa maji vimetoka mahali pamoja: wenye haki na wenye ujuzi hawakuulizwa.

HUKUMU YA SHURA

Allah (s.w.) katika Suratush-Shura, aya ya 38, amewasifu waumini kwamba mambo yao huyaendesha kwa kushauriana, na sifa hiyo ameiweka kati ya kusimamisha sala na kutoa katika alichowaruzuku. Na katika Surat Aal-Imran, aya ya 159, amemuamrisha Mtume wake awashauri Masahaba, kisha akishaazimia amtegemee Allah. Zingatia kwamba aya hii imeteremka baada ya Uhud. Kabla ya vita vile Mtume (s.a.w.) alikuwa na rai ya kubaki Madina, wengi wakataka kutoka, naye akatoka. Yaliyotokea yalikuwa machungu. Pamoja na hayo haikuja aya ya kuondoa shura, bali ilikuja ya kuithibitisha.

Wanavyuoni wamekhitilafiana: je, amri hii ni ya wajibu au ya kupendekeza? Imepokewa kwa Imam Shafi'i (r.a.) kwamba ni ya kupendekeza, na wako wakubwa wa madhehebu yake walioona ni wajibu. Ibn Atiyya, mfasiri wa Andalusia, alikwenda mbali zaidi. Kwake shura ni katika misingi ya sheria, na kiongozi asiyewashauri watu wa elimu na dini inapasa aondolewe. Qurtubi ameinakili kauli hiyo katika tafsiri yake.

Ikhtilafu ya pili ni hii: shura ikishafanywa, je, inamfunga kiongozi, au inampa mwangaza tu kisha aamue mwenyewe? Wapo wanaosema inamfunga, na wapo wanaosema haimfungi. Kwa mas'ala ya chuo, sisi tunaona khitilafu hii ina njia ya kutokea. Mafaqihi wana kanuni kwamba sharti la mtoa wakfu, madhali halipingani na sheria, hufuatwa kama inavyofuatwa nassi. Basi hati ya wakfu ikiandika kwamba jambo fulani halipiti ila kwa kauli ya wengi katika baraza, sharti hilo linamfunga kila atakayekuja baadaye, awe sheikh mkubwa au mfadhili tajiri. Mjadala wa vitabuni unabaki vitabuni, na chuo kinakuwa na kauli moja.

WAKFU WA UMAR: MFANO WA HATI

Anayetaka kuona shura na hati vikikutana aurudie wakfu wa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Umar alipata ardhi Khaybar ambayo hakupata kuwa na mali ya thamani kuliko hiyo. Akamwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri. Mtume akamuelekeza azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Umar akafanya hivyo kwa sharti kwamba isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na kwamba mwenye kuisimamia hana ubaya kula kwa wema bila ya kujilimbikizia.

Abu Dawud amehifadhi hati yake iliyoandikwa baadaye. Tuzingatie yaliyomo. Mali inatajwa kwa jina. Mwandishi anajulikana, naye ni Muayqib, na shahidi anajulikana, naye ni Abdullah bin al-Arqam. Msimamizi wa kwanza baada ya Umar ni binti yake, Mama wa Waumini Hafsa (r.a.), muda wa uhai wake. Baada yake, mwenye rai katika jamaa zake. Kwa hiyo mrithi wa usimamizi alitajwa mapema, na aliyetajwa kwanza ni mwanamke.

Kwa mfano huu, chuo kisicho na hati hakina kisingizio kwamba "wazee wetu waliaminiana". Umar na Masahaba waliaminiana kuliko sisi, na waliandika.

NANI AULIZWE?

Wanavyuoni husema shura hufanywa na wenye sifa katika jambo linaloshauriwa. Katika kusomesha huulizwa walimu, katika hesabu huulizwa mwenye kujua hesabu, katika maji huulizwa mtekaji. Mtume (s.a.w.) siku ya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, alichukua rai ya Salman Mfursi kwa sababu handaki lilikuwa jambo analolijua. Siku ya Hudaybiyya, mwaka wa 6, Masahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa, alichukua rai ya mkewe Ummu Salama (r.a.), na jambo likatengenea.

Hapa kwetu tunao mfano mwingine wa kuutazama. Masasi kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na Newala kipo. Ni miongoni mwa vyuo zaidi ya 50 vilivyoanzishwa nchini kuanzia 1975, wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa msaada wa Sweden. Asili ya fikra hiyo ni shule za watu wazima za nchi za Skandinavia. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844, kwa fikra za mchungaji Grundtvig, ili mkulima apate elimu bila ya kutengwa na watu wake. Katika mpango wa Tanzania kijiji kilitakiwa kiwe na usemi katika kumpeleka mwanafunzi, naye arudi kukitumikia. Hekima ni ya muumini popote aipatapo, na tunalochukua hapo ni hili: chuo cha jamii kisipokuwa na jamii katika baraza lake ni jengo la serikali au la mfadhili, wala si cha jamii.

Kwa hiyo tunapendekeza baraza la chuo liwe na makundi matano: watoa wakfu au wawakilishi wao, walimu, wazazi, wenyeji wa mitaa au vijiji vinavyozunguka, na wanafunzi wakubwa. Na katika wazazi na wenyeji wawemo akina mama kwa idadi iliyoandikwa, isiwe kwa hisani. Mwanafunzi anaijua hali ya bweni usiku kuliko mwenyekiti anayelala kwake.

Lakini shura si kila mtu kuamua kila kitu. Mtaala wa fiqhi au Qur'ani haupigiwi kura na wasioujua, huo ni wa walimu. Mutawalli naye ana kazi zake za kila siku zisizohitaji kikao. Yanayopasa kurudi barazani ni makubwa: kuuza au kubadilisha mali, kukopa, kujenga jengo jipya, kumweka na kumwondoa mkuu wa chuo, na kupitisha hesabu za mwaka.

ARDHI KABLA YA MSINGI

Mtume (s.a.w.) alipofika Madina, mahali pa msikiti wake palikuwa uwanja wa kuanikia tende wa mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Katika riwaya ya Bukhari walitaka kumpa bure, naye akakataa mpaka akanunua kwao. Msikiti wa pili kwa utukufu duniani haukuanza kwa ardhi yenye shaka, wala haki ya yatima haikupitwa kwa sababu jambo lenyewe ni la kheri.

Uwandani kwetu suala hili lina uzito wake. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa desturi ni watu wa ukoo wa mama, na ardhi nyingi mjomba huishika kwa niaba ya ukoo. Sheria inataka mtoa wakfu awe mmiliki wa anachokitoa. Kwa hiyo anapotoa mzee, tuulize kwanza: ardhi hii umeinunua, umeifyeka mwenyewe, au ni ya ukoo? Ikiwa ni ya ushirika, basi kwa Shafi'i wakfu wa fungu lisilogawanywa husihi, lakini husihi katika fungu lake yeye tu. Wenziwe waulizwe. Na akitoa akiwa katika maradhi ya kifo, haipiti zaidi ya thuluthi ila warithi wakiridhia.

Kisha tuulize mikorosho ni ya nani. Kwa desturi zetu mti huweza kuwa wa aliyepanda, na ardhi ikawa ya mwingine. Hati iseme wazi: ardhi peke yake, miti peke yake, au vyote viwili.

Baada ya sheria ya Allah ziko taratibu za nchi, nazo ni katika kuhifadhi mali. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mkutano mkuu wa kijiji una nafasi yake katika ugawaji. Ardhi ya mjini Masasi au Newala hupitia halmashauri ya mji na ramani zake. Na mali isimame kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, isiwe kwa jina la sheikh, hata akiwa mwaminifu vipi. Sheikh hufa na mali hurithiwa, ama bodi hubadilisha wajumbe na mali ikabaki.

KUPANGA ENEO

Wapo wanaodhani ramani ni mambo ya kisasa. Mji wa Kufa ulipoanzishwa mwaka wa 17 Hijria kwa amri ya Umar (r.a.), Tabari anaeleza kwamba njia zilipimwa: kubwa dhiraa 40, za kati 30, ndogo 20, na vichochoro 7. Msikiti ukawekwa katikati. Na katika hadithi ya Bukhari na Muslim watu wakikhitilafiana juu ya njia huwekwa dhiraa 7, yaani kama mita tatu na nusu. Chuo kinachojenga mpaka ukingoni mwa shamba la jirani na kumziba njia kimeanza kwa dhuluma, na Mtume (s.a.w.) ameharamisha kudhuru na kulipiza madhara.

Kwa ardhi yetu tuna mambo matatu ya kuanzia.

Kwanza, kibla. Masasi na Newala ziko karibu kusini moja kwa moja ya Makka. Kibla chetu ni kaskazini, kikiinama digrii moja au mbili tu kuelekea mashariki. Hii ni neema kwa mjenzi. Majengo yakirefushwa mashariki hadi magharibi, madirisha yanakuwa kaskazini na kusini, jua kali la asubuhi na jioni halipigi madarasani, na safu za sala zinakaa sawa na kuta. Na vyoo vielekezwe mashariki au magharibi, ili mtu asikielekee kibla wala kukipa mgongo. Ndani ya jengo Shafi'i wana rukhsa, lakini kutoka katika khitilafu ni bora.

Pili, maji. Masasi imekaa chini ya uwanda, kati ya vilima vya mawe. Newala iko juu, ukingoni, ukitazama bonde la Ruvuma. Udongo wa uwanda ni wa kichanga, mvua huzama na mito ya juu haipo, ndiyo maana kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni kuteka. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950 na baadaye ukapanuliwa kwa msaada wa Finland, lakini chuo chenye busara hakitegemei bomba peke yake. Tufanye hesabu. Paa la mita za mraba 300, ambalo ni la madarasa matatu au manne, katika mwaka wa mvua ya milimita 800 hupokea lita 240,000. Tukiacha moja ya tano ipotee, zinabaki lita 192,000. Wanafunzi 100 wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na udhu, kiangazi cha siku 180 kinataka lita 90,000. Yaani paa linatosha. Kinachohitajika ni tangi la ukubwa huo, upande wa juu wa eneo, na vyoo mbali upande wa chini. Tukumbuke pia kwamba Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Kumfundisha mwanafunzi udhu wa Sunna ni sehemu ya mpango wa maji.

Tatu, nafasi ya kesho. Darasa la kwanza lisiwekwe katikati ya kiwanja kwa sababu tu hapo pamefyekwa. Ramani iandikwe nzima: msikiti, madarasa, mabweni ya wanaume na ya wanawake yenye njia zake, karakana, shamba, kisha kijengwe kidogo kidogo. Mfadhili akija na jengo lake, aoneshwe mahali palipokwisha pangwa. Akisema, "Mimi nataka lionekane barabarani," ajibiwe kwa adabu kwamba mahali hapo baraza limepaweka kwa jambo jingine. Ramani iliyopitishwa na shura humkinga mutawalli na aibu ya kumkatalia mkubwa.

KIPATO: MIKOROSHO NA TAHADHARI YAKE

Mali ya wazi ya uwanda ni korosho. Wakfu wa mikorosho unasihi, kwani asili inabaki na tunda linatoka, kama mitende ya Masahaba. Tangu 2007 mauzo yamepita katika mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi, na vyama vikuu vikiwa MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba. Kwa chuo hili lina manufaa: malipo yana karatasi, na karatasi hukaguliwa.

Lakini zao moja halitoshi kulipa mishahara. Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya tani zipatazo 145,000, na kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya 20,000, kwa sababu za kuhamishwa vijijini, bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga. Mwaka 2018 wanunuzi walipogoma kwa bei, serikali ilitangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Hati ya wakfu iweke basi fungu la akiba kila msimu mwema, na iseme nani mwenye idhini ya kuligusa.

FUNZO LA MOMBASA

Mwaka 1948 ilianzishwa Mombasa Institute of Muslim Education, chuo cha ufundi kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Waliochangia ni Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa ya Mabohora, Sheikh Khamis bin Muhammad bin Juma na wengineo. Wanafunzi wakaingia 1951. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, 1972 kikawa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Elimu inayotolewa pale ni kheri kwa wote na hatulalamiki juu yake. Tunachokizingatia ni kwamba mali ya masultani na matajiri haikuweza kulibakisha lengo la mwanzo katika jina la chuo kwa miaka 20. Zama hubadilika, na sheria pia. Kwa hiyo watoa wakfu wajiulize tangu siku ya kwanza: siku ya mabadiliko ikifika, nani atakaa mezani kwa niaba ya wanaokusudiwa, na ni karatasi gani atakayoishika mkononi?

HITIMISHO

Turudi kwa kituo kile tulichoanzia. Tuliwaketisha wapwa, kamati, walimu na, kwa mara ya kwanza, akina mama. Haikuwa rahisi. Baada ya vikao vitatu wapwa waliridhia ardhi iliyo chini ya majengo na uwanja wake iwe wakfu, na mikorosho ikarudi kwa wenyewe. Vyoo vikafukiwa na kuchimbwa upya mahali walipopaonesha akina mama. Hati ikaandikwa kurasa mbili. Tulilipata kwa ugomvi wa mwaka mzima jambo ambalo lingepatikana kwa alasiri moja kabla ya jiwe la kwanza.

Ndugu maimamu na wanafunzi wa elimu, mwenye kukabidhiwa chuo amekabidhiwa amana, na Allah (s.w.) katika Surat an-Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Wenyewe wa chuo ni pamoja na mtoto ambaye hajazaliwa, atakayekuja kusoma tukiwa makaburini. Huyo hawezi kuhudhuria kikao, na ndiyo maana anaandikiwa. Basi, kabla hamjachangisha mfuko wa saruji, ulizeni ardhi ni ya nani, kaeni shura, choreni ramani, andikeni hati na mshuhudishe.

Tunamuomba Allah atupe ikhlasi katika nia na uaminifu katika mali za umma wake. Wabillahi tawfiq.